Kati ya Mwali na Marisau: Jinsi ya Kuisoma Picha ya Bata Wawili wa Winslow Homer

Kwa mtazamo wa kwanza ni bata wawili tu juu ya bahari. Wa kushoto amepanua mabawa. Wa kulia ameelekeza kichwa chini, na miguu yake ya rangi ya chungwa iko juu. Chini yao mawimbi ya kijivu yanaumuka na kutoa povu. Nyuma yao kuna mbingu nzito ya majira ya baridi. Ni picha ambayo mtu angeitundika sebuleni na wageni wakaisifu. Kisha jicho linateremka upande wa kushoto, katikati ya mawimbi, na kukuta kitone chekundu. Kitone kile ni mwali wa bunduki. Penye mwali pana moshi, na penye moshi pana mashua ndogo inayokaribia kumezwa na wimbi, na mtu aliyelenga. Amewalenga bata. Na kwa kuwa bata wako kati yake na sisi, ametulenga sisi pia.

Picha hiyo inaitwa Right and Left, yaani kulia na kushoto. Mchoraji wake, Mmarekani Winslow Homer, aliichora kwa rangi za mafuta katika majira ya baridi ya mwaka 1908 kuingia 1909, akiwa na umri wa miaka 72. Leo iko National Gallery of Art mjini Washington. Ina upana wa sentimita 123 hivi na kimo cha sentimita 72, kwa hiyo bata wake wanakaribia ukubwa wa bata wa kweli.

Nimeichagua picha hii moja kwa sababu inajibu vizuri swali ambalo watu wengi hujiuliza moyoni wanaposimama mbele ya mchoro: nitajuaje unasema nini? Wengi tumezoeshwa kuamini kwamba picha ni kufuli, na kwamba mahali fulani kuna ufunguo wake: ndege ni roho, bahari ni mauti, nyekundu ni damu. Ukiujua ufunguo umeielewa picha; usipoujua, umeachwa nje. Siamini hivyo. Naamini kwamba hisia na maana ya picha huanza na jambo lililo wazi kwa kila mtu: mchoraji amekusimamisha wapi, na kutoka hapo unaona nini.

Sema kwanza kilichopo

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mbele ya picha, mwenye macho anahitaji kuambiwa, tena mara nyingi, kwa sababu macho yana haraka ya kufikia maana. Kabla hujasema picha ina huzuni au ina hofu, taja vitu vilivyomo. Katika Right and Left vitu hivyo ni vichache: ndege wawili, mawimbi, mbingu, mashua, mwali, moshi, na kijisehemu cha jua upeoni. Uchache huo wenyewe ni habari. Hakuna pwani wala mwamba wa kushika. Macho hayana mahali pa kutua ila juu ya miili ya ndege wale.

Ndege wenyewe wanajulikana. Ni bata ambao wataalamu huwaita Bucephala clangula, wenye jicho la manjano kama dhahabu. Huzaliana kando ya maziwa ya misitu ya kaskazini, wakitaga mayai katika matundu ya miti, na majira ya baridi yakiingia hushuka hadi bahari ya pwani. Mabawa yao hutoa mlio mwembamba kama mluzi wanaporuka, hata wawindaji wa Marekani wakawapa jina kwa ajili ya mluzi huo. Ni wapiga mbizi hodari. Chakula chao hukifuata chini ya maji.

Hilo la mbizi lina uzito katika kuisoma picha. Bata wa kulia amepinda kichwa kuelekea majini. Mwili wa bata anayepiga mbizi na mwili wa bata aliyekufa hewani vinaweza kufanana kabisa, na Homer amechora pale pale vinapofanana. Wa kushoto naye anaweza kuwa anapambana kupanda, au anaweza kuwa ndiyo kwanza amepigwa. Wataalamu wa sanaa wamebishana kwa miaka mingi: nani amepigwa, nani bado, au wote wawili wamekwisha?

Mimi nashikilia jibu moja, na ninalitoa kwenye kile kitone chekundu. Bunduki iliyotumika ni ya mitutu miwili, inayorusha marisau, yaani punje ndogo za risasi. Mwindaji stadi hufyatua mtutu wa kwanza kwa ndege mmoja na papo hapo mtutu wa pili kwa mwingine. Moshi unatuambia kwamba bunduki imekwisha kulia. Mwali unatuambia kwamba inalia sasa hivi. Mwanga hutufikia mara moja, lakini marisau, ingawa hukimbia mamia ya mita kwa sekunde, huhitaji muda kidogo kuvuka maji. Basi kama wa kulia ndiye aliyeangushwa na mtutu wa kwanza, mwali tunaouona ni wa mtutu wa pili, na marisau yake hayajafika. Bata wa kushoto angali hai ndani ya picha, na amekuwa hai hivyo tangu 1909.

Hapo ndipo inapotoka hisia ya mchoro huu. Ni wasiwasi wa kipekee: pigo limekwisha kutolewa na bado halijatua. Hatuoni tone la damu, na hakuna uso wa mtu wa kutuonyesha tuhuzunike vipi. Kilichopo ni sehemu ndogo ya sekunde, ambayo Homer ameishika na kukataa kuiachia.

Rangi chache, kila moja na kazi yake

Baada ya vitu, tazama rangi. Karibu turubai yote ni kijivu, kijani cha bahari iliyopoa, nyeupe na nyeusi. Manyoya ya bata, meusi kwa meupe, yanarudia rangi za wimbi na povu. Kwa rangi, ndege hawa ni watoto wa bahari ile. Ungeweza kusema wimbi lenyewe limeota mabawa.

Ndani ya kijivu hicho Homer ametawanya rangi ya moto mahali pachache sana: miguu ya bata, mwali wa bunduki, jua la upeoni. Jicho halipendi kuona rangi adimu bila kuiunganisha, kwa hiyo linakwenda mguuni, linashuka kwenye mwali, linakimbilia kwenye jua, linarudi. Katika safari hiyo fupi limefunga pamoja mambo matatu ambayo akili ilikuwa imeyaweka mbalimbali: kiumbe hai, silaha na siku. Jua lile halisimami upande wa yeyote. Ikiwa tunatazama mashariki, kama mtu anavyotazama kutoka kwenye miamba ya Prouts Neck alikoishi Homer, basi ni asubuhi, na siku inaanza kwa kila mtu isipokuwa hao wawili.

Ukitaka kupima nguvu ya mpangilio huu, funika mwali kwa kidole kwenye nakala ya picha. Mara moja unabaki na mchoro mtulivu wa bata wakicheza na upepo. Ondoa kidole, na kila unyoya umebadilika maana. Jambo dogo kuliko yote kwa ukubwa ndilo kubwa kuliko yote kwa uzito, na mchoraji alijua hivyo alipolifanya dogo. Angelichora kubwa, tungepata picha ya mwindaji yenye ndege ndani yake.

Kusimama upande wa shabaha

Picha za mawindo ni za kale, na nyingi zina desturi moja: mtazamaji huwekwa nyuma ya bunduki au kando ya mwindaji, akaona kile anachokiona yeye. Ndege huwa mbali, au wamekwisha kufa na kupangwa mezani. Homer amegeuza desturi hiyo. Mwindaji ndiye aliye mbali, hana uso, hana jina. Ndege wako karibu nasi kiasi cha kuweza kuwagusa, nasi hatuna chini ya kukanyagia. Tuko hewani pamoja nao.

Mageuzi hayo hayakuja kwa bahati. Homer alizaliwa Boston mwaka 1836, na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipozuka alitumwa na jarida la Harper's Weekly kuchora maisha ya wanajeshi. Novemba 1862 jarida hilo lilichapisha mchoro wake wa mdunguaji aliyepanda mtini na bunduki yenye darubini. Mwaka 1863 aliugeuza mchoro huo kuwa picha ya rangi za mafuta, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa picha zake za kwanza kabisa za aina hiyo, na leo iko Portland Museum of Art katika jimbo la Maine. Ndani yake tunamwona mpiga shabaha tu. Anayelengwa hayumo.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, katika barua ya mwaka 1896, Homer alieleza kwamba wakati wa vita vile aliwahi kuchungulia kupitia darubini ya bunduki ya namna hiyo, na kwamba kazi ile ilimwonekania iko karibu na mauaji kuliko jambo lolote jingine alilolifahamu jeshini. Katika barua hiyo hiyo alichora mchoro mdogo wa mtu anavyoonekana ndani ya darubini. Kumbukumbu hiyo haikumtoka.

Kati ya picha hizo mbili kuna nyingine inayoonyesha alikokuwa akielekea. Mwaka 1893 alichora The Fox Hunt, iliyoko Pennsylvania Academy of the Fine Arts: mbweha amezama kwenye theluji, kunguru wenye njaa wanamshukia. Mbweha tumezoea kumwona kama mwindaji. Pale ndiye anayewindwa, na mchoraji ameinama hadi usawa wa mgongo wake ili nasi tuione theluji kama anavyoiona yeye. Tangu mdunguaji wa 1863 hadi bata wa 1909 imepita miaka 46, na katika miaka hiyo Homer alitoka upande mmoja wa mtutu akafika upande wa pili.

Alijitaabisha kufika huko. Philip Beam, aliyeandika kuhusu maisha ya Homer huko Prouts Neck, anasimulia kwamba mzee yule alimtuma mtu kwa mashua aende baharini na kufyatua bunduki isiyo na marisau kuelekea mwambani, yeye akiwa amesimama juu ya mwamba akitazama. Alitaka kujua mwali unaonekanaje kwa yule anayefyatuliwa. Desemba 1908 alimwandikia kaka yake Charles kwamba alikuwa akichora picha ya kushangaza kila mwanga ulipomruhusu. Nadhani alijua kwamba mshangao wenyewe ulikuwa mahali alipomweka mtazamaji.

Jina lililotoka kwa mwindaji

Jina la picha halikutoka kwa Homer. Inasimuliwa kwamba ilipowekwa kwenye duka la sanaa la Knoedler mjini New York ilikuwa bado haina jina, hadi mpenzi mmoja wa uwindaji alipoingia, akaiona, akataja kwa furaha ule ustadi wa mitutu miwili: kulia na kushoto! Jina likashika hapo.

Mtu yule hakukosea. Aliona kilichomo: risasi mbili, ndege wawili, mkono usiotetereka. Tofauti ni kwamba mawazo yake yalivuka maji hadi kwenye mashua na kukaa pale, karibu na mwenzake mwenye bunduki, ilhali turubai imemsimamisha upande huu. Watazamaji wawili wanaweza kukubaliana juu ya kila kitu kilichochorwa na bado wakatoka na hisia zinazopingana, mmoja akishangilia na mwingine akisononeka, kwa sababu kila mmoja amejiunga na kiumbe tofauti. Picha kubwa hustahimili wote wawili. Lakini mtazamaji makini atajiuliza: nimejiunga na nani, na ni nani aliyeniweka pale, mchoraji au mazoea yangu?

Je, ni kifo cha mchoraji?

Maelezo yaliyozoeleka zaidi ni kwamba Homer alikuwa akichora mwisho wake mwenyewe. Yana ushahidi. Mwaka 1908 alipata kiharusi. Baada ya Right and Left alimaliza picha moja tu ya rangi za mafuta, Driftwood, iliyoko Museum of Fine Arts mjini Boston, na Septemba 29, 1910 akafariki nyumbani kwake Prouts Neck. Mzee aliyekwisha kuguswa na pigo moja, anachora ndege mmoja aliyepigwa na mwingine anayesubiri. Ni vigumu kutouona uhusiano huo.

Nakubali kwamba umri na ugonjwa vilinoa jicho lake. Ninachokataa ni haraka ya kuwafanya bata kuwa alama tu. Tukisema papo hapo kwamba ndege ni Homer, tumewanyang'anya kifo chao. Picha imefanya juhudi kubwa ili tuone uzito wa miili ile, utando wa vidole, mng'ao wa manyoya. Inasimuliwa kwamba kazi ilianzia kwenye jozi ya bata halisi, ambao rafiki alimletea Homer kwa ajili ya sikukuu ya Shukrani. Manyoya yao yalimvutia mno, akashika brashi kabla ya kufikiria chungu. Walikuwa ndege kabla ya kuwa maana.

Na ndege wa pwani ile walikuwa na historia yao ya uchungu. Katika karne ya 19 bunduki zililisha masoko ya miji ya Marekani kwa ndege wa majini na wa nchi kavu bila kikomo. Bata wa Labrador, ambaye alikuwa akipitisha majira ya baridi kwenye pwani hiyo ya Atlantiki, alitoweka duniani katika miaka ya 1870, Homer akiwa mtu mzima. Njiwa msafiri, aliyewahi kufunika mbingu za Marekani kwa makundi yake, alibaki mmoja tu, akafa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sheria kubwa ya Marekani ya kuwalinda ndege wahamaji ilikuja mwaka 1918, miaka minane baada ya Homer kuzikwa. Homer hakuwa mwanaharakati. Alipenda uvuvi wa ndoana na alikaa miaka mingi karibu na wawindaji. Lakini alichora wakati ambapo mlio wa bunduki juu ya maji ulikuwa unafuta aina nzima za viumbe, na kuisoma picha bila kukumbuka hilo ni kuisoma nusu.

Ulinganisho mmoja unasaidia hapa. John James Audubon, katika kitabu chake kikubwa The Birds of America kilichochapishwa kati ya 1827 na 1838, aliwachora bata wa aina hii hii, wawili, wakiwa angani, na wataalamu wameona jinsi mpangilio wa Homer unavyoukumbusha mchoro huo. Audubon aliwapiga ndege risasi, akawanyoosha kwa waya, kisha akawachora kama walio hai. Kwenye ukurasa wake bunduki haionekani. Homer ameirudisha bunduki ndani ya picha, mahali padogo, ili tuulize swali ambalo uzuri wa ndege hutusahaulisha: uzuri huu ulitufikiaje machoni?

Mipaka ya tafsiri

Homer hakupenda kueleza picha zake. Mwaka 1902, watazamaji walipouliza juu ya The Gulf Stream, picha yake ya mwanamume Mweusi aliye peke yake kwenye mashua iliyovunjika mlingoti, papa wakimzunguka, alimjibu muuzaji wake kwa hasira kwamba anasikitika kuchora picha inayohitaji maelezo. Ukali huo nauheshimu. Ulikuwa na maana kwamba kila alichotaka kusema kimo kwenye turubai, na kazi iliyobaki ni yetu.

Kazi yetu haimaanishi kwamba kila tafsiri ni sawa na nyingine. Mtu akiniambia kwamba bata hawa ni wapenzi wawili wanaocheza, nitamwonyesha mwali. Akiniambia kwamba picha inamtukuza mwindaji, nitamwomba anionyeshe uso wa mwindaji. Akiniambia kwamba ni picha ya utulivu, nitamuuliza atasimama wapi kwa utulivu huo, maana picha haikumpa hata shubiri ya ardhi. Tafsiri nzuri ni ile inayoweza kurudi kwenye mchoro na kupata mashahidi.

National Gallery of Art haitozi kiingilio, na tangu 2012 imeruhusu picha za kazi nyingi za aina hii zipakuliwe bure kwenye intaneti. Msomaji wa Tanga au Kisumu anaweza kuifungua Right and Left kwenye simu usiku wa leo, akaikuza hadi mashua ionekane. Ningemshauri asisome maelezo yoyote kwanza. Ataje vitu vilivyomo. Afuate rangi adimu inampeleka wapi. Ajiulize ni saa ngapi na ni nini kimetoka kutokea. Kisha aulize swali ninaloliona kuwa mama wa mengine yote: mimi nimesimama wapi?

Swali hilo linafaa kwa picha ya shakwe, ya mwari, ya korongo, na hata kwa picha za habari tunazopelekewa kila siku, ambamo mtu fulani analengwa na mtu fulani ameshika kamera. Kila mchoraji na kila mpiga picha huchagua upande wa mtutu kabla hatujafika, na mara nyingi tunaukubali upande huo bila kujua kwamba tumeukubali. Ukishaujua, hisia yako haitakuwa tena jambo lililokujia tu. Itakuwa na sababu, na sababu hiyo utaweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole. Akikupinga, mtabishana juu ya kitu ambacho nyote wawili mnakiona.